Mkufunzi Aliyezima Kamera

Matongo, Tarime
4 Februari 2024

Mpendwa Mkufunzi Machage,

Habari za huko? Sisi hapa wazima, tunamshukuru Mungu, ila jua ni kali na mahindi yameanza kukunja majani.

Mimi ni Getruda Emanueli, mwanafunzi wako wa ualimu wa chekechea kwa njia ya mtandao. Chuo kimesema wewe ndiye utanisimamia mpaka mwisho. Nafundisha darasa la watoto hapa kanisani mwaka wa saba sasa, bila cheti. Kamati ya kanisa imetangaza kwamba ikifika Desemba, asiye na cheti anaondoka. Hawa watoto ndio maisha yangu. Kwa hiyo usinionee huruma, nifundishe.

Nianze na swali. Nina mtoto anaitwa Faustino, wazazi wake wamekuja kutoka Geita kuchimba dhahabu. Tangu aje hajafungua mdomo. Kitabu chenu kinasema "mshirikishe". Asiyesema nitamshirikishaje?

Mama yako kwa umri, mwanafunzi wako kwa darasa,
Getruda

*

Ukurasa wa chuo
9 Februari 2024

Bi. Getruda,

Habari za kazi? Poleni na jua, hata huku ni hivyo hivyo.

Usimuulize Faustino kitu mbele ya wenzake. Mpe kazi ya mikono itakayomfikisha kwa kila mtoto, kwa mfano kugawa vikombe vya uji. Akikosea, mwache. Kisha niandikie kilichotokea, hata kama hakuna kilichotokea.

Jambo jingine, na usinune. Kwenye zoezi lako umejaza ukurasa mzima kueleza kitabu, watoto wako umewapa mistari mitatu. Kitabu nimeshakisoma. Watoto wako siwajui. Geuza.

Mwezi ujao tutaanza vipindi vya video. Utafundisha, nami nitakutazama na kukupa alama. Bila vipindi hivyo hakuna cheti.

Mwanao kwa umri,
Mkufunzi Machage

*

Matongo
20 Machi 2024

Mkufunzi wangu,

Salamu nyingi. Hapa wazima, mvua imenyesha.

Faustino amesema! Aligawa vikombe siku kadhaa kimya kimya, jana akasimama katikati ya darasa akapaza sauti: "Vikombe havitoshi!" Robi, anayenisaidia kupika uji, aliangusha mwiko. Mimi nilitoka nje nikalia. Tangu nianze kufundisha, hakuna aliyewahi kunipa neno likafanya kazi hivyo.

Ila video ya leo imeniumiza. Watoto wameogeshwa, nimevaa gauni la Pasaka. Nikawasha kamera nikaona ukuta na kalenda, bega lako moja tu. Nikasema, "Habari, Mkufunzi." Ukakatika. Tumekungoja mpaka uji ukapoa. Ni mtandao? Niambie siku nyingine.

Mama yako kwa umri,
Getruda

*

Ukurasa wa chuo
2 Aprili 2024

Mtandao ulisumbua. Tuma kazi kwa maandishi.

Mkufunzi

*

Matongo
30 Juni 2024

Mkufunzi,

Leo sikuulizi hali yako. Yangu mbaya.

Nimetuma zoezi la michezo, ukajibu "Imepokelewa". Nimetuma la kuhesabu, ukajibu "Vizuri". Vizuri nini? Humo kwa makusudi nilikiri kwamba siku mbili watoto walinishinda nikawafungulia wakaenda kucheza. Hilo nalo vizuri? Nimeomba video mara ngapi? Kila mara mtandao. Mtandao gani huo unaopitisha "Imepokelewa" na kukataa sura yako?

Mwenzangu Waisiko wa Gorong'a anasoma kozi hii hii. Mkufunzi wake anampigia simu na kumgombeza mpaka anakasirika. Namwonea wivu mtu anayegombezwa! Wewe ulinionjesha mwalimu ni nini, halafu ukaninyang'anya. Bora ungekuwa mbovu tangu mwanzo, nisingejua ninachokosa.

Mwanafunzi wako, kama bado unaye,
Getruda

*

Matongo
18 Agosti 2024

Baba Gloria,

Nakuandikia kwenye karatasi, mkeo atakuletea mkononi.

Mwanangu Lilian alikuja kunisalimia. Nikampa simu anisomee tangazo la chuo, akafungua lile jibu lako la vikombe vya uji. Alicheka, kisha akalisoma tena. Akasema, "Mama, huyu ni Baba Gloria. Hata mimi ananiambia 'usinune'."

Kina Machage wamejaa Mara nzima, ningejuaje? Mimi nakujua kama Mwalimu Steven wa Nyambureti, mkwe wangu, ambaye kwa mila yetu hata akija msibani anapitia nyuma ya nyumba tusikutane uso kwa uso. Na wewe kwenu unanijua kama Nyangi, mama yake Lilian. Jina la ubatizo hukulijua, hilo nakusamehe. Lakini Machi uliniona. Tangu Machi ulijua!

Umeniacha nibembeleze ukuta. Nina mpaka Desemba tu, na kipindi hata kimoja sina. Ungeniambia. Ungemtuma mkeo aniambie. Nimekasirika, ona kalamu ilivyotoboa karatasi.

Mama mkwe wako

*

Nyambureti, Serengeti
25 Agosti 2024

Shikamoo mama.

Natumaini baba na nyumba nzima hamjambo. Gloria anawasalimu.

Sina pa kujificha. Kamera ilipowaka niliona uso ambao tangu nimuoe Lilian sijawahi kuutazama. Mkono ulizima simu kabla sijafikiri. Niliomba chuo wakupe mkufunzi mwingine. Wakauliza sababu, nikaandika "ni mama mkwe wangu". Aliyepokea si mtu wa huku. Akajibu kwamba undugu si tatizo, nisipendelee tu. Nikashindwa kumweleza.

Na maoni ya kweli nilishindwa kuandika. Nitamwambiaje mama mkwe kwamba amekosea? Nilinyamaza kwa heshima, mama. Nisamehe.

Mwanao mkwe,
Steven

*

Matongo
1 Septemba 2024

Baba Gloria,

Marahaba. Sote wazima, Gloria nambusu.

Heshima ya ukwe naijua tangu kabla hujazaliwa, usinifundishe. Heshima ni kunipisha njia. Wewe umekaa katikati ya njia yangu ukafumba macho! Hukuniheshimu, uliniogopa, na woga wako ungenitoa darasani kwangu.

Nimemwambia mume wangu. Ryoba akatoka kuangalia ng'ombe, akarudi akasema, "Simu si nyumba. Hajaingia kwako." Akaomba chai. Basi, imekwisha.

Alhamisi asubuhi nitawasha kamera. Wewe washa yako. Utaona mwanafunzi anafundisha. Nikikosea, sema nimekosea. Ukiniandikia "vizuri" ya uongo, nitakuja Nyambureti kwa bodaboda nisimame mlangoni kwako, tuone utapitia wapi.

Mama mkwe wako

*

Ukurasa wa chuo
6 Septemba 2024

Bi. Getruda,

Habari za kazi? Haya ni maoni ya kipindi cha jana.

Watoto wanakupenda na wanakusikiliza. Lakini uliuliza maswali ukayajibu mwenyewe karibu yote. Wimbo wa kuhesabu ni mrefu, wadogo walipotea katikati. Faustino alinyoosha mkono mara mbili, hukumwona. Mtoto uliyehangaika kumfungua mdomo, jana umemfunga.

Alama: arobaini na mbili. Hujafaulu. Rudia Ijumaa ijayo, muda tunao. Kabla ya hapo nitumie mpango mpya wa somo, niukague.

Mkufunzi wako,
Machage

*

Matongo
7 Septemba 2024

Mkufunzi,

Salamu sina. Arobaini na mbili! Mimi, mbele ya watoto wangu mwenyewe!

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Nikamuuliza Robi kama kweli Faustino alinyoosha mkono. Akasema, "Ndiyo mama, nikadhani umemwona." Nimekukasirikia sana, na tangu Machi sijawahi kuwa na hasira tamu kama hii.

Wimbo nimeukata nusu. Mpango wa somo nimeutuma, ukague usiuonee huruma.

Kesho mwanangu Sarah anabatizisha mtoto wake hapa kwetu, na nyinyi mmealikwa. Ukifika pitia nyuma ya nyumba kama siku zote, chakula chako ataleta Lilian. Usithubutu kunitazama.

Ijumaa, nitazame vizuri.

Mama mkwe wako,
mwanafunzi wako,
Getruda