Jina la Binti wa Bauma

Jumatatu, 6 Julai 1981

Leo watu kumi na mmoja. Nilikaa kwenye meza ya sakristia tangu mwisho wa misa ya asubuhi mpaka saa sita. Mgongo unauma. Kitabu kipya cha ubatizo kimefika ukurasa wa thelathini.

Utaratibu ni uleule. Mtu anakuja na shahidi mmoja asiye wa nyumba yake. Namuuliza: nani alikushika kwenye maji? Padri gani alikubatiza? Mlikula nini siku ile? Swali la chakula ndilo linalofungua kichwa. Watu wanasahau tarehe, hawasahau nyama. Kisha naandika jina la mtakatifu, jina la nyumbani, wazazi, msimamizi. Naweka sahihi yangu.

Muzee Balume alidai kwamba jina lake la ubatizo ni Pio wa Kumi na Mbili. Nilimwambia, "Papa Balume, wewe ni Pio tu. Wa kumi na mbili alikuwa Roma." Akajibu, "Basi niandike wa kumi na tatu, Mwalimu. Nafasi hiyo iko wazi." Sakristia nzima ilicheka. Hata mimi.

Jumanne, 7 Julai

Padri anataka historia ya kanisa iwekwe mbele ya kitabu, kurasa tatu au nne. Tunatimiza miaka hamsini mwakani. Nimeanza leo.

Mwanzo ni rahisi. Kapela ya kwanza ilikuwa ya matete na majani ya migomba. Ya pili ni hii ya mawe meusi ya volkano. Mawe hayo hayakununuliwa. Kila mwanafunzi wa dini alipaswa kuja na jiwe moja kwa kila somo, na masomo yalikuwa ya miaka minne. Mtu mzito wa kichwa alileta mawe mengi kuliko mwenzake. Ndiyo sababu ukuta wa upande wa Munigi ni mnene zaidi: ni mawe ya waliorudia mwaka. Baba yangu alikuwa mmoja wao.

Nilipofika mwaka 1973 kalamu ilisimama.

Jumatano, 8 Julai

Niandike hapa kwanza, ambapo hakuna wa kusoma.

Sisi ni tawi dogo. Parokia iko mbali, na wakati wa mvua barabara ni tope. Kwa hiyo tulifanya kosa ambalo makanisa ya mjini hayakulifanya. Kitabu cha ubatizo tulikiweka kwetu, ndani ya sanduku la bati, chini ya altare. Kimoja tu. Hatukupeleka nakala parokiani. Tuliona fahari kubaki na majina yetu wenyewe.

Mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya watakatifu. Kila raia abaki na jina la mababu. Leo amri imelegea, wakati ule ilikuwa kali. Mimi niliendelea kuandika Petro na Agata kwa siri. Mwaka uliofuata vijana wa chama tawala walikuja. Hawakutafuta. Walikwenda moja kwa moja kwenye altare, wakainama, wakatoa sanduku.

Watu watatu tulijua sanduku liko wapi. Mimi. Padri mzungu, aliyekuwa amekwisha kurudi kwao. Na Bauma, kiongozi wa kwaya, ambaye alikuwa pia karani wa chifu. Bauma alisimama uani, orodha mkononi, wakati kitabu kinaungua. Mimi nililazwa chini nikachapwa mbele ya wanafunzi wangu. Kisha nikafungwa kasho la Goma, miezi miwili. Nilipoteza kazi ya shule.

Mama yangu alikufa nikiwa ndani. Alizikwa bila sala. Kila mtu aliogopa kufungua kinywa.

Bauma hajasema neno mpaka leo. Kila Jumapili ananipa mkono. Mkono laini. Namchukia kuliko nilivyowachukia wale walioshika fimbo.

Jumamosi, 11 Julai

Siku nzuri. Niliingoja miaka minane bila kujua kwamba naingoja.

Mwisho wa foleni alikuwa Bauma, kofia mkononi. Binti yake Furaha anaolewa tarehe nane Agosti na kijana wa mji wa Kiwanja, familia ya wafanyabiashara, Wakatoliki wakali. Wanataka cheti cha ubatizo. Bauma alikuja kuniomba nimwandike binti.

Nilimuuliza yuko wapi shahidi wake. Alinitazama. Anajua, na mimi najua. Furaha alibatizwa mwaka 1960, siku ya kazi, kanisa tupu. Desturi ya wakati ule ni kwamba mtoto anapelekwa mapema sana, na mama aliyejifungua anabaki kitandani. Tulikuwa watu wazima wanne. Padri mzungu amekufa kwao Ulaya. Mama Zawadi, msimamizi, amekufa. Neno la baba peke yake Padri halikubali. Nimebaki mimi.

Nilifunga kitabu taratibu. Nikasema, "Sikumbuki."

Nakumbuka yote. Mvua ilipiga bati mpaka Padri akapaza sauti. Mtoto alilia akashika kidole changu na hakukiachia. Tulikula maharagi na nyama ya mbuzi kwa Bauma.

Nimelala usingizi mzuri mchana.

Jumanne, 14 Julai

Padri amekuja mpaka kwangu. Ni kijana, ana haraka, lakini ana adabu. Aliuliza kama nina hakika sikumbuki. Nilimjibu kwamba mimi ni muzee.

Alinieleza ubatizo wa sharti, kana kwamba sikuufundisha mimi kabla hajazaliwa. Mtu asiye na ushahidi anamwagiwa maji tena, na padri anasema: kama hukubatizwa, nakubatiza. Sheria inaruhusu. Lakini binti wa miaka ishirini na moja asimame kwenye foleni pamoja na watoto wa mgongoni, mbele ya wakwe wa Kiwanja! Watauliza: basi huyu alikuwa anakula Ekaristi miaka yote hii kama nani? Mtu wa nyumba ile asiyecheka atakuwa amekufa. Na Bauma itabidi aeleze kitabu kilikwenda wapi.

Padri alisema, "Mwalimu, fikiri tena." Nimefikiri. Nimefurahi tena.

Ijumaa, 17 Julai

Bauma alikuja na mbuzi na kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Nilimwacha amesimama katikati ya lupango, uani kwangu. Mbuzi alikula maua ya jirani.

Akasema, "Mwalimu, sisi ni wazee. Tumalize."

Nikasema, "Tumalize nini? Taja."

Hakutaja. Alisema mambo ya wakati ule, amri za juu, kila mtu alikuwa na watoto. Nilimwacha mpaka akaishiwa maneno. Kisha nikampa sharti langu. Jumapili, baada ya matangazo, asimame mbele ya wakristo aseme kwa kinywa chake nani alionyesha sanduku. Akisema, nitakumbuka siku hiyohiyo.

"Unaniomba nife mbele za watu."

"Mimi nililala mbele za watu, Papa Bauma. Wewe ulikuwa umesimama."

Aliondoka na mbuzi wake. Kasiksi aliisahau. Nimeimwaga kwenye migomba.

Jumapili, 19 Julai

Bauma hakuja misa. Mara ya kwanza tangu nimjue. Kwaya iliimba bila yeye na ilipotea mara mbili.

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa namsubiri. Nilikuwa na njaa ya kumwona, kama mtu anayesubiri chakula.

Jumatano, 22 Julai

Furaha mwenyewe alikuja. Nilidhani atalia. Hakulia. Alikaa kwenye barza bila kungoja nimwambie karibu. Anafanana na mama yake.

"Muzee Mwalimu, mimi sikuchoma kitabu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nilikuwa kisimani."

Nikamwambia aende amwambie baba yake.

"Nimemwambia. Siku tatu hatuongei. Lakini kwako nimekuja na neno langu. Vijana wa chama walichoma jina langu dakika tano, wakaenda zao. Wewe unalichoma wiki ya pili sasa, na unapiga ishara ya msalaba kila asubuhi."

Nilisimama nikamfukuza. Nilisema maneno mabaya, sitayaandika. Alitengeneza kitenge chake, akaniambia nibaki na amani, akaondoka polepole ili majirani wamwone vizuri.

Binti hodari. Ninajua kwamba anaumia yeye badala ya baba. Ninajua, na sibadili sharti. Mama yangu naye hakuchoma kitu.

Jumapili, 26 Julai

Amesema.

Baada ya matangazo Bauma alitoka kwenye kwaya akasimama mbele ya altare. Suti yake ya zamani, ile ya chama, isiyo na kola. Nadhani hana nyingine. Alianza vibaya: "Wakati ule sisi sote tulilazimishwa..." Nilikohoa kwa nguvu. Akanitazama. Kisha akasema wazi. "Sanduku nililionyesha mimi. Nililichora kwenye karatasi, nikampa mkuu wa vijana wa chama. Nilitaka kubaki karani. Mwalimu alifungwa kwa sababu yangu."

Niligeuka kuwatazama watu. Nilitaka kuona nyuso zao zikibadilika. Kwa ajili ya hilo niliishi wiki mbili, labda miaka minane.

Hazikubadilika. Watu walitazama miguu yao. Kisha Mama Nyota, ambaye ni mzee kuliko sisi sote, akasema kutoka benchi lake, bila hasira, "Keti, Bauma. Tulijua."

Bauma akaketi. Padri akatoa baraka. Watu wakaenda kupika.

Jumatatu, 27 Julai

Sikufungua sakristia. Nilikwenda kwa Balume, nikamuuliza walijua tangu lini.

"Tangu siku ileile," alisema. "Jioni alikuja kunywa kwangu. Akaniambia mwenyewe."

"Na wewe ulimpa pombe."

"Alikuwa na kiu, Mwalimu."

Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia nilipotoka kasho. Alisema, "Ungefanya nini? Yeye ndiye alikuwa anaandika nani aende salongo, kazi ya lazima, na nani abaki. Na wewe ulikuwa umekonda hivyo, tukaona tukuache upone." Kisha akaongeza, "Tulidhani unajua, unanyamaza kama sisi."

Kwa hiyo kisasi changu kilikuwa habari ya kale kwa kila mtu. Nilimvua nguo mtu ambaye wote walikwisha kumwona uchi.

Nilirudi nyumbani na hasira mpya, kubwa kuliko ya kwanza. Sasa ni ya wote. Wale walionipa mkono wa pole. Wale walionisaidia kutengeneza kaburi la mama. Kurasa thelathini na tisa ziko hapa mezani kwangu. Nikizitia motoni, hakuna mwenye jina katika kilima chote. Nilizishika. Jiko lilikuwa na makaa.

Sikufanya. Sijui kueleza vizuri kwa nini, na mimi ni mtu wa kueleza. Nilikumbuka harufu. Karatasi iliyofungwa na ngozi inanuka nywele inapoungua. Sikutaka harufu ile itoke nyumbani kwangu.

Jumatano, 29 Julai

Nimeandika. Mstari wa kumi, ukurasa wa arobaini. Agata Furaha, binti wa Bauma na Mwamini, amebatizwa siku ya kazi, mvua nyingi, mwaka 1960. Msimamizi: Zawadi. Shahidi: mimi. Cheti nimempa Padri, sikutaka kumpa baba mkononi.

Kisha nikamaliza historia. Niliandika: "Mwaka 1973 kitabu cha kwanza kilichomwa. Aliyeonyesha mahali pake ni Bauma, kiongozi wa kwaya. Wakristo walijua wakanyamaza. Mwalimu alimnyima jina binti wa Bauma wiki mbili na siku nne." Padri alisoma akaomba niandike "mtu fulani" badala ya Bauma. Nilikataa. Akaomba niondoe sentensi ya mwisho, inayonihusu. Nilikataa vilevile. Ukimtaja mmoja, taja wote. Itasomwa siku ya jubilei, na Bauma atakuwa ameketi palepale kwenye kwaya, na mimi palepale mbele. Hilo linanipendeza bado. Siongopi.

Jumamosi, 8 Agosti

Harusi imefanyika saa nne. Sikwenda. Nilialikwa, barua ililetwa na Furaha mwenyewe, aliisukuma chini ya mlango bila kubisha.

Nimesikia nyimbo kutoka hapa. Kwaya haikupotea. Saa nane lori la wakwe limepita kuelekea Rutshuru na Kiwanja, limejaa wanawake na viti. Nilikuwa napalilia maharagi karibu na barabara. Furaha alikuwa mbele, kando ya dereva, nguo nyeupe imejaa vumbi. Aliniona. Hakupunga mkono, hakugeuza uso. Bauma alikuwa nyuma amesimama, ameshika bomba la lori kwa mikono miwili.

Sijamsamehe. Chuki iko, imekonda kidogo.

Nimemaliza mistari mitatu ya maharagi. Upepo ni wa kiangazi, mkavu. Nimechemsha viazi, nimekula, nimekaa kwenye barza mpaka vumbi la barabara likatulia.