Pipa Ambalo Halikutobolewa

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumanne. Umesema watu wa huko Mgololo wanakusalimu "kamwene" na wewe unawajibu kwa Kinyakyusa, mnacheka. Nilifurahi kusikia kwamba unacheka, halafu nikaona vibaya kufurahi. Siku hizi ndivyo nilivyo, moyo unakwenda huku na kurudi.

Barua hii ina nakala mbili. Moja inakuja kwako kwa basi la Iringa. Nyingine nitaibandika kwenye gazeti la ukutani hapa shuleni, kwa sababu kuna mtu amechafuliwa jina mbele za watu, na sidhani kama jina linaweza kusafishwa kwa siri. Unanijua nilivyo. Mbele za watu sauti yangu inakauka. Ulikuwa unawaambia wageni, "Huyu maneno yake yako kwenye kalamu, msimsubiri mdomoni." Basi nimeyaleta kwa kalamu.

Unakumbuka josho la kwanza kule Usangu? Watu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, ng'ombe wao nao wakahama, josho likabaki peke yake porini limejaa dawa ya kuogeshea ya miaka na miaka, nyeusi, inanuka kama kiberiti. Mkoa ukakupa kazi ya kulimaliza. Ulichimba shimo mbali na mto, ukamwaga chokaa, ukafukia, ukapanda miiba juu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye lori na daftari. Mapipa ya dawa kuukuu tuliyopewa pia tuyamalize yote yalikuja na Kiingereza, na wewe ulisomea Kiswahili na Kinyakyusa tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekusomea lebo. Nikisema, "Baba, hii wanasema ukiigusa inaingia kwenye ngozi," unaongeza kina cha shimo. Nilijiona mkubwa siku zile. Watu wazima walichimba kwa maneno yangu.

Jioni ile mama alikuuliza swali ambalo nimelielewa mwaka huu. Mlikuwa jikoni, mama anamenya ndizi.

"Baba Tumaini, mteja wako ni nani?"

"Serikali."

"Na mwingine?"

"Mwingine wa nini? Nani mwingine ana majosho?"

"Yaani nyumba nzima inakaa juu ya muhuri wa bwana mmoja. Akihamishwa?"

"Atakuja mwenzake. Sumu haihami, Mama Tumaini."

"Sumu haihami," mama akasema, "ila sisi tutahama."

Ulicheka ukaomba chumvi. Lakini mimi niliogopa, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona jambo ambalo sikujua nimwambie nani. Kila josho tulilolifukia lilitupunguzia kazi. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Chokaa ikichelewa kiwandani, tunachelewa sisi, na barua ya kutuuliza kwa nini inafika siku hiyohiyo. Lori likikosa spea, mkoa unatuandikia kana kwamba tumelificha. Halafu watu wakaanza kusema kazi kama yetu haifai kushikwa na mtu binafsi, itapewa shirika la umma. Wewe ulisema maneno ya baa. Nilitaka kukuamini.

Sasa nifike kwenye pipa.

Sheria yako ya mapipa haikuwa na mjadala. Likishaoshwa kwa majivu na maji ya moto, linapigwa sururu, matundu matatu chini na mawili ubavuni, ndipo linatoka kiwanjani. Hapa Iyunga pipa zima ni mali. Watu wanataka la maji, wanataka la pombe. Ulisema, "Pipa likitoka kwangu likashika maji, nimeua mtu." Kazi ya sururu ilikuwa ya kibarua wako Baba Neema peke yake. Hukumpa mwingine.

Shangazi alikuja mchana, nyote mko Usangu. Alikuja na kuku kwapani, amemfunga miguu kwa kitambaa cha kanga. Nikapiga goti nikamsalimu. Akakaa kwenye benchi la Baba Neema akayatazama mapipa kama mtu anayetazama mahindi ya jirani.

"Mwanangu, lile la kijani limelala tu?"

"Limeoshwa, shangazi. Linasubiri kutobolewa."

"Watoboe zuri vile! Baba yako ana wazimu. Mimi nina ubarikio wa mtoto wiki ijayo, maji nitaweka wapi, kwenye viganja?"

"Baba amekataza."

"Nani kakataza? Huyo niliyembeba mgongoni? Au nimekuomba gari?"

Baba, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba shangazi hakataliwi, kwamba ukimkatalia shangazi umeikatalia nyumba yote uliyotokea. Na ndiye uliyenifundisha kwamba pipa halitoki zima. Hukuniambia yakikutana hayo mawili nifanye lipi. Nilisoma lebo mara tatu. Haikuwa na fuvu. Ilisema ni dawa ya kusafishia sakafu za hospitali, ichanganywe na maji. Nikaliosha tena mwenyewe, mara mbili. Wajukuu zake wakalibingirisha mpaka kwake. Kuku nikasema amenipa zawadi, na hilo halikuwa uongo, ndiyo maana lilinitoka kirahisi.

Bwana afya alipita kwa shangazi kukagua vyoo akaliona pipa limejaa maji, na alama yako nyekundu ubavuni. Shangazi alimwambia kapewa kwako, hakusema na nani. Siku ya pili yake ukawaita watu wote kiwanjani. Nilikuwa mlangoni na daftari langu.

"Baba Neema," ulisema, "lile pipa la kwa dada limetokaje?"

"Mzee, mapipa yaliyopita mkononi mwangu yote nimeyatoboa."

"Kwa hiyo lilitoboka likajiziba?"

Watu wakacheka. Hata mimi midomo ilicheza, nina aibu kuliandika hilo. Baba Neema hakucheka. Aligeuza kichwa akanitazama mimi, siyo kwa hasira, ni kama mtu anayehesabu jambo taratibu. Kisha akavua kofia.

"Basi, Mzee. Labda nilisahau moja."

Nimelifikiria jicho lile miezi yote hii na bado sielewi. Alijua? Kama alijua, kwa nini alilibeba? Kwa sababu mimi ni mtoto? Kwa sababu ni mwanao, na yeye aliona bora akose kazi kuliko wewe umkose msomaji wako? Au kweli alidhani amesahau, na alinitazama tu kwa sababu nilikuwa nimesimama pale? Ulimwachisha kazi kabla ya saa sita. Aliliacha sururu limeegemea ukuta, limefutwa udongo.

Wiki mbili baadaye barua ya mkoa ikaja. Ilikuwa ya Kiingereza, nikakusomea sebuleni. Neno kwa neno niliielewa, lakini sikuelewa ilichosema. Hapakuwa na pipa. Palikuwa na kupanga upya huduma, na shirika, na mpaka mtakapoarifiwa tena. Ukasema, "Ni lile pipa tu, hawataki kulitaja." Mama akakutazama, akaenda kuzima jiko. Mwezi haukuisha, lori likauzwa, wewe ukaenda Mgololo kubeba mbao za ujenzi.

Baba, uliniambia nisome kilichomo ndani. Sikusoma kilichokuwa juu. Juzi nimeitoa barua ile kwenye daftari nikaona tarehe. Waliiandika kabla bwana afya hajafika kwa shangazi. Ilikaa ofisini inasubiri sahihi wakati pipa bado liko kiwanjani kwetu, kuku bado yuko kwa shangazi.

Nilipoona nilitaka kuruka. Siyo mimi! Halafu nikakaa chini tena. Kama mkataba ulikuwa umekufa tayari, mimi nimekosa nini? Na kama sikukosa kitu, mbona Neema anaitwa Pipa?

Hulijui hilo. Tunakaa dawati moja, mimi na Neema. Maji yakikatika bombani wasichana wanaita, "Neema Pipa, baba yako hana moja zima?" Yeye anacheka nao. Kisha anapindisha penseli yake mpaka inavunjika. Ameshavunja tatu, moja ilikuwa yangu.

Hapo ndipo akili yangu inaposimama. Serikali sikuiharibia chochote. Sijui kama nilimdhuru mtu wa kwa shangazi. Ndama wake alikufa mwezi ule, mwenyewe anasema ni ndigana, ugonjwa wa kupe, na mimi naomba iwe ndigana. Wewe sijui kama nilikuharibia. Ila Baba Neema nilimharibia, na hilo halihitaji tarehe.

Jumamosi nilichukua sururu nikaenda kwa shangazi. Akatoka amekasirika.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, shangazi."

Pipa ulisema utalifuata, lori likauzwa kabla, bado lilikuwa limejaa. Nikamwaga maji yote uani. Nilipiga matatu chini na mawili ubavuni. La mwisho lilikataa, nikapiga mara nne. Mwisho shangazi akasema, "Leo umefanana na baba yako," na sijui kama alikuwa ananisifu.

Nakuomba jambo moja. Mwandikie Baba Neema. Usimwandikie kwa sababu ya kazi, kazi huna ya kumpa. Mwandikie kwamba hakusahau.

Kesho asubuhi nabandika nakala hii kabla ya kengele. Gazeti la ukutani hubandikwa na wawili, mmoja ashike karatasi na mwingine agonge pini, na wiki hii zamu ni ya dawati letu. Neema ndiye atakayeshika. Anasoma upesi kuliko mimi. Pini ya kwanza haitakuwa imeingia na atakuwa ameshafika hapa.

Ubaki salama, Baba, na uvae koti.

Mwanao wa lebo