Dawa Uliyoisubiri, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Najua haitaitikiwa, lakini ulinilea nikijua kwamba mkubwa huamkiwa kwanza, hata kama umekuja kugombana naye. Nami nimekuja kugombana kidogo. Zaidi nimekuja kuungama.

Unakumbuka likizo ile nilipokuja Chemba, ukaniuliza huko chuoni Dodoma nasomea nini hasa? Nikasema kansa. Ukasema, "Hilo ni jina la ugonjwa, mama. Nimekuuliza kazi." Ulikuwa kibarazani unasugua rangi nyekundu vidoleni. Miaka yote ile mnadani kazi yako ilikuwa hiyo: daktari wa mifugo akisema ng'ombe huyu mgonjwa, aondolewe, wewe unampaka rangi mgongoni.

Basi nikakueleza kwa rangi yako. Ndani ya seli kuna protini zinazotoa amri: kua, gawanyika, acha. Amri ikishatosha, protini ile hubandikwa kiprotini kidogo kiitwacho yubikwitini, ndiyo rangi yenyewe, kisha hupelekwa kusagwa. Lakini kuna vimeng'enya vinavyopita nyuma kufuta. Katika kansa ninayoisoma, kimoja kimezidisha kufuta. Protini inayosema "gawanyika" haisagwi, inasema kutwa kucha, na seli inatii.

Ulicheka mpaka chai ikakupalia. "Kumbe huyo namjua," ukasema, ukanisimulia habari za mchungaji mmoja aliyefuta rangi kwa mafuta ya taa, ng'ombe akarudi kundini na zizi zima likaugua. "Mkamateni basi." Nilifurahi mno, maana hakuna aliyewahi kunielewa haraka hivyo. Chai ilikuwa inakupalia sana siku zile, nami sikuuliza.

Halafu ile simu. Nilikupigia nikiwa bado na koti la maabara: "Baba, dawa imefanya kazi."

Sisi maabara kila kimiminika tunakiita dawa. Dawa ya kuoshea, dawa ya kutia rangi, dawa ya kuulia. Niliyoisema ilikuwa matone machache kwenye kisahani. Yalimziba yule mfutaji, seli zikaacha kugawanyika. Kisahani, baba. Hata panya hajaionja. Tena kimeng'enya hichohicho kwenye seli zisizo na kansa kinaokoa protini tunazozihitaji. Ukikiziba mwilini mwa mtu hujui utaua nini. Hayo yote sikuyasema. Nilisema dawa, ukasikia dawa.

Nawe hukuniambia kwamba wiki ileile daktari alikuta uvimbe kooni, akakupa rufaa uende ukapigwe mionzi mapema. Mama ndiye aliyeniambia, baadaye sana, uji ulipokuwa haupiti tena. "Anasema hana haraka," alisema. "Anasema mtoto wake anaimalizia."

Kwa nini hukuniuliza? Swali moja tu. Nakukasirikia kwa hilo, halafu najikasirikia zaidi, kwa sababu nakujua: hukutaka kunihimiza. Nilipofika sauti ilikuwa imekwisha. Ulinitazama mikononi, kisha ukatazama mkoba wangu. Nilikuwa nimeleta maziwa na mashuka.

Maabara bado naenda kila asubuhi, maana sijui pengine pa kwenda. Wenzangu wanafurahia picha za seli zetu, nami naitikia kwa kichwa pamoja nao. Labda baada ya miaka mingi itatoka dawa ya kweli, labda isitoke kabisa. Nimechoka kusema labda. Sina faraja ya kukuandikia, baba, nimeitafuta sijaipata.

Kwenye arobaini yako Mama Halima, jirani, alinivuta pembeni. Mumewe naye ana uvimbe, shingoni. "Mwanangu," akaninong'oneza, "ile dawa ya baba yako, aliyokuwa akitusimulia, haikubaki hata kidogo?"

Nikamwambia haikubaki kwa sababu haijawahi kuwepo. Ampeleke mzee hospitali, kesho, asingoje. Nilirudia mara tatu, nikimshika mkono.

Alijifunga khanga yake vizuri. "Sawa," akasema. "Ya baba ni ya baba."

Alidhani namnyima. Jana mama kanipigia, anasema yule mzee hajapelekwa popote. Wanasubiri nilainike.

Pumzika, baba. Mimi sijui nitaanzia wapi kupumzika.

Mwanao wa kwanza