Picha Mbili za Gauni Moja

Shoga, sijui kama kazi bado ninayo!

Bosi wangu si unamjua? Dukani anauza simu za ile kampuni kubwa tu, nyingine zote kwake takataka. Leo kaja fundi cherehani, anataka simu ya kupigia picha magauni yake. Akauliza, "Kaka, hawa bado wanaongoza? Nasikia wenzao wamewafikia."

Bosi akapanda juu! "Wamfikie nani?" Akaniamuru nipige picha gauni alilovaa fundi, moja kwa simu yake yeye bosi, nyingine kwa ile yangu ya bei poa. Nikazifunika kwa kitambaa, picha tu zikaonekana.

Fundi akachagua moja. Bosi akadakia, "Umeona rangi hizo? Huo ndio ufalme!" Akasifu wee, akasifu!

Fundi akanigeukia. "Mdogo wangu, hii ni ya simu ipi?"

Bosi kanikodolea macho. Nikasema, "Yangu."

YANGU, shoga! Nilisema!

Fundi akavuka barabara, kaenda duka la pili kununua kama yangu. Bosi akamsindikiza kwa macho. Halafu: "Hebu lete hiyo simu."

Mpaka sasa yuko mlangoni anajipiga picha nayo. Yake kaniachia nimshikie, ndiyo hii ninayokuandikia. Usijibu hapa!!!