Namba Moja, Watu Wawili

Dada yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima nakusalimu, nikitumaini kwamba mgongo wako umepata nafuu tangu ulipokiacha kile kiti kibovu cha mapokezi. Mimi ni mzima wa mwili tu. Madhumuni ya barua hii ni kukueleza ukweli kuhusu kuondolewa kwako kazini, na kuomba uamuzi wako.

Utakumbuka kwamba nilipoutengeneza mfumo wa zahanati, sikutumia majina kuwa kitambulisho, nikaamuru kila mgonjwa atambulike kwa namba yake ya simu. Ulinionya kwamba Mama na Mama Mdogo wanatumia simu moja. Nilikujibu, kwa maringo ya mtu aliyejifundisha mwenyewe, kwamba kompyuta haifuati mazoea ya watu. Ukacheka, ukasema haya bwana mkubwa, tutaona.

Wiki ya kwanza mfumo ulikataa kila namba iliyojirudia, foleni ikafika barabarani. Kubadili kitambulisho ilhali mafaili ya wagonjwa yamekwisha kujaa ni kuchimbua msingi wa nyumba yenye watu, nikaona uvivu. Niliongeza mistari mitatu tu ya maagizo kwenye programu: namba ikiwapo, lifunguliwe faili lililopo, libadilishwe jina peke yake. Foleni ikaisha, nikasifiwa.

Ndivyo Mama Mdogo alivyopata faili lenye jina lake juu na maelezo ya Mama ndani. Onyo uliloliandika, kwamba mwili wake haupokei sindano ya penisilini, halikuingia humo, kwa kuwa mfumo ulibadilisha jina tu. Akachomwa, akavimba uso na koo, akalazwa siku nne. Alipoweza kuongea, alitania kwamba mashavu aliyoyatamani tangu usichana yamemjia uzeeni. Sikuweza kucheka.

Kwenye kikao cha kulijadili kosa hilo, mganga mkuu alisema mashine haisahau, wanaosahau ni watu. Uliapa kwamba onyo uliliandika. Nikaulizwa mimi, kama mtaalamu. Nikajibu kwamba mfumo hauna hitilafu. Ulinitazama mara moja, kisha ukaanza kukusanya vitu vyako.

Dada, kumbukumbu za mfumo zinaonyesha kwamba onyo uliliandika saa nne na dakika kumi asubuhi, neno kwa neno kama ulivyoapa. Nilizisoma siku moja kabla ya kikao.

Ile mistari mitatu nimeifuta, na maelezo kamili ya kosa langu nimeyaandika. Nitayawasilisha Jumatatu mbele ya mganga mkuu na kikao kilekile. Wasalimie shemeji na wanao.

Naomba uamue: niyasome ukiwapo, au hutaki kuketi nami chumba kimoja?

Mdogo wako