Kilichokuwa Chini ya Bi Mkubwa

Jumanne, 10 Juni 2025

Naanza daftari hili leo na nitaandika kila kitu, hata yanayoniaibisha. Jumamosi tunahama Temeke, tunakwenda Chanika kwenye nyumba yetu wenyewe. Nafurahi — ila Baba amesema Bi Mkubwa haendi. Bi Mkubwa ni ua letu la sebuleni, Mama ndiye aliyelipa jina. Majani yake mapana kama sinia, limeziba dirisha na nusu ya televisheni, na mizizi imepasua ndoo ya rangi ya lita ishirini. Mie ndiye ninayelifuta vumbi kila Ijumaa. Baba anauliza, kirikuu cha kubebea mizigo ni kimoja, kibebe vitanda au kibebe msitu? Mama aliingia chumbani akafunga mlango. Kwa ajili ya ua?

Alhamisi, 12 Juni 2025

Baba na Mama walikwenda Chanika kufagia. Nikawaza: nikilipunguza ua likaenea kwenye ndoo ndogo, Baba atakubali. Nikakata mashina matatu, nikaanza kuchimba. Kidole kikagusa nailoni. Ndani yake kipande cha kanga kimefungwa kwa uzi mweusi.

Nikamwita Shangazi Mwanaheri, dada yake Baba, tunayekaa naye. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Usikiguse, Nusaiba. Tumerogwa humu humu ndani. Ndiyo maana nyumba ya Chanika imechukua miaka kumi kuisha."

Akaenda kuchukua mafuta ya taa. Wazazi wanaingia, yeye ameshashika kiberiti.

"Wifi," Mama akasema, "unachoma kitovu cha mtoto?"

Changu! Mama anasema nilipozaliwa tulikuwa wapangaji. Angekifukia kwenye uwanja wa mtu, kesho tukifukuzwa kibaki? Udongo pekee uliokuwa wetu ulikuwa ule wa kwenye ndoo.

"Sasa wifi, si ungesema?" Shangazi akalalamika. "Miaka yote naangalia tamthilia nimekaa na kitovu!"

Hata Baba alicheka. Amekubali: kitanda kimoja kitabaki, Bi Mkubwa anakwenda. Mama amekiweka kifurushi kabatini. Ameniambia nisichimbe tena, atamalizia mwenyewe.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Sikuchimba. Tuliinua ndoo mie na Shangazi kuisogeza mlangoni, ikaachana vipande viwili. Udongo sakafu nzima. Na katikati ya mizizi, kifurushi kingine. Uzi mweusi, kanga iliyofifia zaidi.

Changu kiko kabatini. Mie mtoto pekee. Ndivyo ninavyojaza kwenye fomu za shule.

Shangazi alikitazama, akakaa chini pale pale kwenye udongo. Safari hii hakutaja uchawi. Nikamuuliza ni cha nani. Akasema nikamuulize mama yangu, ila si mbele ya Baba.

Nafikiria. Kitovu hakidondoki siku ya kuzaliwa. Cha mtoto wa jirani mwezi uliopita kilidondoka siku ya saba, siku tuliyokula ubwabwa wa kumpa jina. Basi mwenye kifurushi hiki naye aliishi. Alinyonya. Kuna aliyembeba akamwita kwa jina.

Mama yuko jikoni anafunga vyombo kwa magazeti. Anaimba taratibu, hajui bado nilichokiona. Mdomo wangu hautaweza. Nimeandika kwenye karatasi, naiweka juu ya msala wake kabla ya alasiri:

Mama, nimekiona cha pili. Sijakifungua. Nijibu leo, hata nyuma ya karatasi hii — aliitwa nani?