Maji ya Udongo Chini ya Bwawa

Mama yangu mpenzi,

Miye niko mzima, soma hilo kwanza.

Jana nilikuwa nakula ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa huku, kwa Mama Riziki, mke wa mlinzi wa bwawa dogo milimani juu ya Kamanyola. Nilimwonyesha amonaiti yangu, gamba la mnyama wa bahari ya kale lililogeuka jiwe. Nikamweleza kwamba kwingine magamba hayo hutujulisha umri wa tabaka za miamba, ila huku bahari ile haikufika. Ndipo ardhi ikatetemeka. Tulipotoka nje, ukuta wa bwawa ulikuwa na ufa.

Mama Riziki akanishika mkono. "Weye ulisomea mawe. Huu mukuta itasimama?"

"Sijui, Mama."

Tukaenda kutazama maji yaliyokuwa yakivuja chini ya ukuta. Yalikuwa safi. Tukiwa bado tunayatazama, yakageuka rangi ya udongo, nikajua yanachimba ardhi inayobeba ukuta.

"Tupande juu," nikasema. "Sasa hivi."

Akapita akiita majirani wote, huku mume wake amebaki kufungua milango ya maji ili bwawa lipungue. Kule juu tuliitazama njia mpaka mume wake alipotokea, amelowa hadi kifuani.

Ukuta bado umesimama, lakini kila ardhi ikitikisika tunashikana mikono.

Wabusu wadogo zangu. Nikifika Bukavu uniache nikae karibu yako tu, usiniulize kitu.

Binti yako,
Nsimire